Mkebe wa Kiwi uliopigisha moyo: Maisha ya Rune Elmqvist

Hebu angalia pale kwenu mahali viatu hukaa. Kuna mkebe wa Kiwi, si ndiyo? Ule mdogo wa duara, ambao ukiisha unakwangua pembeni kwa kitambaa mpaka chuma kinaanza kuonekana, halafu unautupa.

Sasa skiza. Mwaka 1958, jijini Stockholm kule Sweden, mzee mmoja wa miaka 51 alichukua mkebe kama huo. Akapanga ndani yake transista mbili, betri ndogo na waya uliozungushwa kama koili. Akamimina gundi. Gundi ilipokauka, akatoa kitu kama biskuti nene. Kitu hicho kilishonwa ndani ya tumbo la mwanamume aliyekuwa karibu kufa, kikaanza kuupigisha moyo wake.

Jina la mzee huyo ni Rune Elmqvist. Pengine hujawahi kulisikia, lakini wanaotengeneza vifaa vya kuwekwa mwilini wanamjua vizuri sana. Na ukinipa dakika kumi, utaona kwamba shida alizopambana nazo juu ya meza yake ndizo zilezile ambazo mainjinia wa vihisi vya mwilini wanapambana nazo leo, hata kama siku hizi kifaa kinatoshana na kidonge.

Daktari ambaye hakutibu

Elmqvist alizaliwa Desemba 1, 1906. Alisomea udaktari huko Lund, mji wa chuo kikuu kusini mwa Sweden, na akamaliza. Nasema akamaliza kwa sababu najua hizi stori zetu za mtandaoni: kila jamaa aliyevumbua kitu lazima awe aliacha shule. Huyu hakuacha. Mimi ndiye niliyeacha. Nilikuwa nasomea elektroniki, mwaka wa pili karo ikanishinda, nikaishia kukaa na mafundi wa simu katikati ya jiji, nikishika tochi huku wao wakichomelea. Kwa hivyo usinifanye nikudanganye kwamba kuacha masomo ndiyo siri.

Cha kushangaza kwa Elmqvist ni kwamba alikuwa na karatasi za udaktari mkononi, halafu maisha yake yote akayatumia kutengeneza mashine. Aliingia katika kampuni ya vifaa vya hospitali iliyoitwa Elema-Schönander. Hakuwa yule daktari wa kukushika mkono na kukuuliza unaumwa wapi. Alikuwa mtu wa waya. Lakini waya aliyejua mwili ulivyo, na hiyo ikaja kuwa faida kubwa.

Kabla ya ule mkebe, tayari alikuwa amefanya kitu kingine ambacho pengine umekitumia wiki hii bila kujua. Wewe unajua ile mashine ya kupima moyo hospitalini, ile inayochora milima na mabonde kwenye karatasi? Moyo hutoa umeme kidogo sana kila unapopiga, na mashine huunasa umeme huo kupitia ngozi. Shida ya mashine za zamani ilikuwa kalamu. Kalamu ina uzito, na inasugua karatasi. Moyo ukifanya kitu cha haraka, kalamu inachelewa kufika, na daktari anasoma mchoro wenye uongo.

Mwisho wa miaka ya 1940, Elmqvist aliondoa kalamu kabisa. Mahali pake akaweka kimrija cha kioo chembamba kama unywele, kinachorusha wino kwa nguvu kwenye karatasi inayopita. Umeme wa moyo ukiongezeka, kimrija kinageuka kidogo, na wino unafuata. Hakuna kinachogusa karatasi isipokuwa wino wenyewe. Mashine hiyo akaiita Mingograf. Jina hilo linatoka kwa neno la Kilatini la kukojoa. Ndiyo, umesoma vizuri. Daktari mzima, mashine ya hospitali, na akaipa jina la kukojoa kwa sababu ndivyo ilivyofanya kazi. Mwaka 1951 alipata hataza ya Marekani kwa uvumbuzi huo. Ile printa ya wino kule saiba unakochapishia fomu zako ni ya ukoo huo.

Kumbuka hilo la kalamu, maana linaonyesha vile kichwa chake kilivyofanya kazi. Kama kifaa kinasumbua mwili, ama kinaupima kwa uongo, usilaumu mwili. Punguza kifaa.

Moyo unaotegemea soketi ya ukutani

Turudi kwa moyo. Moyo wako una umeme wake wa kuzaliwa. Juu kabisa kuna sehemu ndogo inayotoa amri ya kupiga, na amri hiyo inashuka kupitia njia maalum hadi vyumba vya chini, vile vinavyosukuma damu. Sasa, kuna watu ambao njia hiyo imekatika. Amri inatolewa juu, chini haifiki. Vyumba vya chini vinaamua kupiga vyenyewe, polepole sana, na wakati mwingine vinanyamaza kabisa. Damu haifiki kwenye ubongo. Mtu anaanguka. Moyo ukijikumbuka, anaamka. Usipojikumbuka, basi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 madaktari walikuwa wamejua kwamba ukiupa moyo kama huo mshtuko mdogo wa umeme kutoka nje, unapiga. Mwaka 1952, daktari Paul Zoll wa Boston nchini Marekani alifanya hivyo kwa kupitisha umeme kwenye ngozi ya kifua. Ilifanya kazi, lakini iliuma sana. Wengine wakapitisha waya mwembamba kwenye ngozi hadi kwenye moyo wenyewe, ndiyo umeme uwe kidogo. Lakini mashine ilichomekwa ukutani. Mgonjwa aliweza kwenda mpaka mahali waya unapofika, basi.

Na sasa jiulize swali ambalo Mkenya yeyote angeuliza kwanza: stima ikipotea je? Ilipotea. Oktoba 31, 1957, stima ilikatika jijini Minneapolis, Marekani. Daktari wa moyo Walton Lillehei akamwendea fundi wa vifaa vya hospitali, Earl Bakken, akitaka mashine isiyotegemea ukuta. Baada ya wiki chache Bakken alikuwa na kikasha cha transista na betri ambacho mgonjwa angeweza kukivaa.

Hiyo ilitatua stima. Haikutatua waya. Waya bado ulipita kwenye ngozi, na tundu lolote kwenye ngozi ni mlango wazi. Vijidudu vinafuata waya kama panya anavyofuata bomba. Kule Stockholm, katika taasisi ya Karolinska, daktari wa upasuaji Åke Senning alikuwa amechoshwa na hilo. Wazo lake lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulifanya: kila kitu kiingie ndani, ngozi ifungwe, kusibaki tundu. Yeye na Elmqvist wakaanza kujaribu kwa wanyama. Hawakuwa na haraka.

Mama aliyekataa kusikia hapana

Haraka ililetwa na mtu mwingine. Jina lake Else-Marie Larsson.

Mumewe, Arne Larsson, alikuwa na miaka 43. Maambukizi ya virusi yalikuwa yameuharibu moyo wake, ile njia ya umeme ikakatika. Mwaka huo wa 1958 alikuwa amelazwa, na alikuwa akizirai mara 20 hadi 30 kwa siku. Usipite hapo haraka. Mara 20 hadi 30 kwa siku, mtu wako anakufa mbele yako, unasubiri kuona kama atarudi. Halafu anarudi, na unaanza kusubiri tena.

Else-Marie alisikia kwamba Senning na Elmqvist walikuwa na jambo wanalolifanyia majaribio. Akawaendea. Wakamweleza ukweli: hawana kifaa kilicho tayari kwa binadamu. Akawaambia basi wakitengeneze. Wakaeleza tena. Akarudi tena. Inasemekana alikuwa akienda kwenye maabara ya Elmqvist, kisha hospitalini kwa Senning, kisha maabara tena, siku hiyohiyo, mpaka wazee hao wawili wakashindwa kumpa sababu nyingine.

Nilipoanza kusoma habari za Elmqvist nilidhani nitapata ile stori ya kawaida, ya mvumbuzi aliyeota ndoto usiku akaamka na michoro. Nilichopata ni mke wa mgonjwa anayegonga mlango. Kama unafikiri teknolojia huletwa na mainjinia peke yao, mkumbuke huyo mama.

Ndani ya mkebe

Tuingie sasa kwenye kazi yenyewe. Elmqvist alikuwa na shida tatu. Ukizielewa hizi tatu, umeelewa sehemu kubwa ya elektroniki za kuwekwa mwilini.

Ya kwanza ni matumizi ya umeme. Transista za mwanzo zilitengenezwa kwa germaniumu, na zilikuwa na tabia ya kuvujisha umeme hata wakati hazina kazi, hasa zikipata joto. Na ndani ya mwili ni joto wakati wote. Lakini transista za silikoni zilikuwa zimeanza kupatikana katika miaka hiyo, na hizo zilivujisha kidogo sana. Elmqvist akatumia mbili tu. Hesabu: mbili. Chipu iliyo kwenye simu yako ina mabilioni. Kwa hizo mbili alitengeneza saketi inayotoa pigo moja fupi la umeme, kama volti 2, kwa muda wa sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha inanyamaza, kisha inarudia, kiasi cha mara 70 kwa dakika. Kifaa hakikujua mgonjwa amelala ama anapanda ngazi. Kilikuwa kama saa ya ukutani: tiki, tiki, tiki.

Ya pili ni betri. Betri ikiisha kwenye tochi unabadilisha. Ikiisha ndani ya tumbo la mtu, unamrudisha kwenye upasuaji. Elmqvist hakuwa na betri ndogo ambayo aliamini itadumu, kwa hivyo akaweka ile ya kuchajiwa, ya nikeli na kadimiamu. Utaichaji vipi bila waya na bila tundu? Hapo ndipo ile koili inaingia. Aliweka koili ndani ya kifaa, kwenye ukingo wake. Nje, juu ya ngozi, inawekwa koili nyingine iliyounganishwa na mashine. Umeme unaobadilika haraka kwenye koili ya nje huzaa uga wa sumaku, uga huo unapita ngozi bila kuitoboa, na unazaa umeme kwenye koili ya ndani. Betri inachaji. Ukiona mtu ameweka simu yake juu ya kile kisahani cha kuchaji bila waya, akijiona yuko mbele ya dunia, mwambie taratibu kwamba jambo hilo lilikuwa ndani ya tumbo la Arne Larsson mwaka 1958.

Ya tatu ni maji. Mwili wa mtu ni maji ya chumvi, tena yenye joto. Ukitaka kuua simu, hicho ndicho kitu cha kuitumbukiza ndani. Tena kuna upande wa pili: mwili unachukia vitu vigeni, na utajaribu kuvisukuma nje ama kuvizungushia kovu. Elmqvist alihitaji ganda lisilopitisha maji na lisilouchokoza mwili. Wakati huo kulikuwa na gundi mpya ya epoksi, Araldite, hiyohiyo unayoipata kwenye duka la hadwea ikiwa tyubu mbili unazochanganya. Mwili uliivumilia vizuri. Kilichobaki kilikuwa umbo la kuimimina, na hapo ndipo mkebe wa Kiwi ulipopata kazi. Ulikuwa na ukubwa unaofaa: kifaa kilitoka na upana wa kama milimita 55 na unene wa kama 16.

Mafundi ninaokaa nao wangemwelewa mara moja. Fundi mzuri hatafuti kifaa cha bei kwanza. Anaangalia kilichopo mezani.

Usiku wa Oktoba 8

Elmqvist alitengeneza vifaa viwili, si kimoja. Hiyo ya pili ilikuwa bima.

Oktoba 8, 1958, jioni, wakati vyumba vya upasuaji vilikuwa vimeachwa wazi na watu wameenda nyumbani, Senning alimpasua Larsson. Alishona ncha za waya kwenye moyo, akazipitisha chini ya ngozi, na kile kifaa akakiweka kwenye ukuta wa tumbo. Moyo ukaanza kufuata amri ya transista mbili. Kwa mara ya kwanza katika historia, mtu alikuwa na kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, kile madaktari huita pesimeka, kikiwa ndani ya mwili wake wote, ngozi imefungwa.

Kilifanya kazi kwa saa chache tu, kikagoma.

Fikiria ungekuwa Elmqvist hapo. Si maabara tena. Ni mtu, na mkewe anasubiri. Kile cha pili kikawekwa. Hicho kikaenda kwa muda mrefu kidogo, halafu nacho kikashindwa. Larsson akabaki tena na moyo wake wenyewe, ambao kwa bahati ulikuwa umetulia kiasi cha kumwacha aishi, mpaka vifaa bora vilipopatikana miaka michache baadaye.

Kwa kipimo cha siku hizi, kampuni yenye matokeo kama hayo ingefungwa kabla ya mwisho wa wiki. Lakini saa zile chache zilijibu swali ambalo hakuna mnyama wa maabara angeweza kulijibu: inawezekana. Mtu anaweza kuamka na elektroniki ndani yake, na mwili usikatae. Mambo mengine yote yakawa ni ya kurekebisha: waya zisikatike, betri idumu, ganda lisivuje.

Februari 1960, kifaa cha Elmqvist kilichoboreshwa kilivuka bahari hadi Montevideo, mji mkuu wa Uruguay. Madaktari Orestes Fiandra na Roberto Rubio wakakiweka kwa mgonjwa. Safari hii hakikugoma. Kilipiga kwa miezi tisa, hadi mgonjwa huyo alipofariki kwa ugonjwa mwingine.

Mwaka huohuo wa 1960, Marekani, injinia Wilson Greatbatch na daktari William Chardack nao wakaanza kuwawekea watu kifaa chao, chenye betri isiyochajiwa. Njia hiyo ndiyo iliyoshinda, hasa baada ya betri za lithiamu kuingia katika miaka ya 1970 na kudumu miaka mingi. Kuchaji kupitia ngozi kukawekwa kando. Wagonjwa hawakutaka kukumbuka kuchaji moyo, na siwalaumu. Mimi simu yenyewe huzima nikiwa kwa matatu.

Na Elmqvist? Kumbe yeye mwenyewe hakudhani alikuwa amefanya jambo kubwa. Baadaye alikiri kwamba wakati ule alikiona kile kifaa kama kichekesho cha kiufundi, kitu cha kuvutia mafundi tu. Aliendelea na kazi yake ya mashine. Hakuzunguka dunia akijiita baba wa chochote.

Nani aliishi

Hapa ndipo hesabu inaponishinda.

Rune Elmqvist aliaga dunia Desemba 15, 1996, akiwa na miaka 90. Åke Senning alifariki mwaka 2000. Na Arne Larsson, yule aliyekuwa akianguka mara 20 hadi 30 kwa siku, alikuwa bado yuko. Aliishi mpaka Desemba 2001, akafariki akiwa na miaka 86, kwa saratani, wala si moyo. Kwa miaka hiyo alibadilishiwa vifaa zaidi ya mara 20, kila kimoja kikiwa bora kuliko kilichotangulia. Yaani alipoingia kwenye chumba cha upasuaji alikuwa na miaka 43, na akaongezewa miaka mingine 43. Mgonjwa aliwazika daktari wake na injinia wake.

Kwa hivyo ukimuuliza mtu thamani ya kile kichekesho cha kiufundi, si Elmqvist wa kuulizwa. Muulize Else-Marie.

Mkebe umekuwa kidonge

Nilikuambia shida zake ni za leo. Acha nikuonyeshe.

Kwanza, ujue kwamba kule Karolinska kulikuwa na watu waliokuwa wakitaka kusikiliza mwili kutoka ndani, si kuuamrisha tu. Mwaka 1957, mwaka mmoja kabla ya upasuaji wa Larsson, Bertil Jacobson wa Stockholm na Mmarekani Stuart Mackay walitangaza kidonge chenye redio. Unakimeza, kinapita tumboni, na kinatangaza shinikizo na joto la huko ndani kwa mawimbi ya redio, bila waya. Hicho ni kihisi. Weka kidonge hicho kando ya mkebe wa Elmqvist, na tayari unaona mambo yote mawili: kutuma habari nje bila waya, na kuingiza nguvu ndani bila waya.

Sasa ruka hadi 2014. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kihisi kinachoitwa CardioMEMS, cha watu ambao moyo wao umechoka. Kinaingizwa kupitia mshipa na kukaa kwenye mshipa wa damu unaoelekea mapafuni. Hakina betri. Hakina waya wa kutoka nje. Ndani yake kuna koili na sahani mbili ndogo zinazotazamana. Damu ikisukuma zaidi, sahani zinasogeleana, na sauti ya umeme ya saketi hiyo inabadilika, kama gitaa ukikaza uzi. Mgonjwa analala nyumbani kwake juu ya mto wenye antena. Antena inatuma nguvu kupitia ngozi, kile kihisi kinaamka, kinajibu, na daktari anapata shinikizo la damu kwenye mshipa huo kabla mgonjwa hajaanza kuvimba miguu.

Koili nje, koili ndani, ngozi imefungwa. Unaikumbuka hiyo?

Na kuna jambo lingine. Elema-Schönander ya Elmqvist iliingia mikononi mwa Siemens. Mwaka 1994 Siemens ikauza biashara ya pesimeka kwa St. Jude Medical ya Marekani. Mwaka 2014 St. Jude hao hao wakanunua CardioMEMS. Yaani ule mkebe na kile kihisi viliishia chini ya paa moja.

Pesimeka zenyewe zimepungua hadi zikawa na ukubwa wa kidonge cha vitamini, zenye uzito wa kama gramu 2, zinazokaa ndani ya moyo bila waya wowote. Hizo si saa ya ukutani tena. Zinahisi kama umelala ama unatembea, zinabadilisha mwendo, na zinaongea na mashine ya daktari kwa redio. Lakini mtu anayezibuni bado anajiuliza maswali matatu yaleyale: itakula umeme kiasi gani, nguvu itatoka wapi, na maji ya chumvi nitayazuia vipi? Kupunguza ukubwa peke yake si kazi. Kazi ni kupunguza na bado kitu kiishi mahali ambapo hutaweza kukifungua tena.

Sasa wewe

Najua kuna anayesoma hii akiwa kwenye kibanda cha kurekebisha simu, ama akiwa mwaka wa kwanza na kitabu cha saketi ambacho hakieleweki, ama nyumbani tu akisubiri mambo yakae sawa. Na najua kuna anayesoma akiwa na mzazi mwenye moyo mgonjwa, ambaye ameambiwa bei ya pesimeka na akanyamaza. Mimi nina shangazi wa hivyo. Ndiyo maana nilianza kusoma mambo haya, nikitaka kujua kile kitu ni nini hasa mpaka kiwe na bei ile.

Jibu nililolipata si la bei. Ni kwamba kitu hicho hakikuanzia mbinguni. Kilianzia mezani, kwa transista mbili, gundi ya hadwea na mkebe wa rangi ya viatu, mikononi mwa mtu aliyesomea kitu kingine, kwa sababu mke wa mtu alikataa kwenda nyumbani. Cha kwanza kilidumu saa chache. Kilikuwa na kasoro, na bado kilikuwa mwanzo.

Ukitupa ule mkebe wa Kiwi leo, utupe kwa heshima kidogo.